Mpango wa mafuriko wa mtaa: swali la mwenyekiti mmoja wa bondeni

Msomaji anauliza: "Mimi ni mwenyekiti wa mtaa ulio kando ya kijito kinachoingia Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Kila masika kuna nyumba zinaingia maji. Tumeagizwa kuandaa mpango wa mtaa wa kukabili maafa 'kwa njia shirikishi'. Nimeitisha mikutano miwili. Walikuja watu arobaini, wengi wazee, na mazungumzo yote yakaishia kwenye fidia na bomoabomoa. Mtaa una kaya kama 1,200. Nifanyeje ili mpango uwe wa wananchi kweli, usiishie kabatini?"

Ndugu Mwenyekiti,

Nianze na hilo la fidia, maana ndilo lililokuvurugia mikutano, na wananchi wako hawakukosea kulileta. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu arobaini jijini, familia za mabondeni zilipelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Desemba 2015 tingatinga zikaingia Bonde la Msimbazi kwenye nyumba zilizokuwa zimepigwa alama ya X nyekundu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mtu aliyeyaona hayo akimwona kijana na kishikwambi akiandika namba ya nyumba yake, anajua moja tu: X inakuja. Ukimwambia "leo hatuzungumzii fidia", umemthibitishia hofu yake.

Kwa hiyo litengee siku yake, kabla ya jambo lingine lolote. Mwombe afisa mipango miji au afisa ardhi wa halmashauri aje, na maswali umpelekee kwa maandishi wiki mbili kabla: mpaka wa mita 60 unapimwa kuanzia wapi kwenye kijito chetu? Je, mtaa huu umo ndani ya eneo la mradi wa Bonde la Msimbazi? Anayetathminiwa analipwa kwa kitu gani na kwa utaratibu upi, na mpangaji je? Majibu yaandikwe, yasomwe, yabandikwe. Yasipojibika siku hiyo, andika "halijajibiwa" na tarehe ya kufuatilia. Kisha utoe ahadi uliyo na uwezo wa kuitimiza: ramani ya mtaa haitakuwa na majina ya watu wala namba za nyumba, itaonyesha kina cha maji tu, na haitatoka ofisini bila mkutano wa mtaa kujua inapelekwa kwa nani. Ukishatoa ahadi hiyo, itunze. Kuivunja mara moja kunaua kazi ya miaka mitano.

Hatua inayofuata ni kujua nini kiko mikononi mwenu. Mikutano mingi hufa kwa sababu watu wanaulizwa "mnataka nini?", wanataja ukuta wa mto na daraja jipya, vitu ambavyo mtaa hauna fungu navyo, halafu kimya. Chukua karatasi tatu kubwa. Ya kwanza ni ya mambo ambayo mtaa unaamua wenyewe: mitaro midogo ya vichochoroni, njia za kutokea usiku, nani anapiga kengele, wapi watu wanalala siku ya maji, masharti ya kumwaga kifusi. Ya pili ni ya kata na halmashauri: mitaro mikubwa, kalavati, uzoaji taka, vibali vya ujenzi. Ya tatu ni ya taifa na miradi mikubwa. Kila hoja inayotolewa inaandikwa kwenye karatasi yake mbele ya macho ya aliyeitoa. Muda wa mkutano utumieni kwenye ya kwanza. Ya pili igeuzeni kuwa maombi yenye vipimo, na ya tatu iwe maswali ya barua. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati za maafa mpaka ngazi ya mtaa, kwa hiyo mnayo meza halali ya kukalia. Kazi ni kuijaza.

Sasa hao arobaini. Kaya 1,200 hazikutani uwanjani Jumamosi saa nne asubuhi. Mama lishe yuko jikoni, bodaboda yuko barabarani, na mpangaji, ambaye ndiye anayelala chini kwenye chumba cha nyuma kinachoingia maji kwanza, hahesabiwi kabisa kwa sababu barua ilikwenda kwa mwenye nyumba anayekaa Mbagala. Nairobi walikutana na tatizo hilohilo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 2017 Kaunti ilipotangaza makazi duni ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, kulikuwa na kaya takriban laki moja katika Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa makazi duni, na wenzao hawakuanza na mkutano wa hadhara. Waliziunganisha kaya kumikumi kuwa seli, seli kumi zikaunda kundi la juu yake, na mazungumzo yakapanda na kushuka kwa ngazi hizo.

Kwenu kumi ni wachache mno kwa nguvu mliyo nayo. Chukueni kaya 30 hadi 40, mtapata makundi kama 35. Ila mpaka wa kundi uufuate mkondo wa maji, usiufuate mpaka wa shina. Nyumba ambazo maji yake yanapita mtaro mmoja ziwe kundi moja, hata kama zinatazamana na njia tofauti. Sababu ni mbili. Kwanza, hao ndio wanaodhuriana: wa juu akitupa taka mtaroni, wa chini anaogelea. Pili, mjumbe wa shina ni mtu wa chama, na jirani wa chama kingine atakaa nyumbani hata ukimwalika kwa barua ya mhuri. Kila kundi litoe watu wawili, mwanamke na mwanamume, na mmoja wao awe mpangaji. Kutaneni baada ya isha, dakika arobaini, kwenye baraza ya mtu. Vikoba vina siku zao, nendeni siku hizo na ombeni dakika ishirini. Mlemavu na mgonjwa wa kitandani wafuatwe nyumbani, kwa kuwa taarifa zao ndizo zitakazoamua nani anatolewa kwanza.

Posho itaulizwa. Jibu langu: mtu anayepima au kuandika kwa siku nzima alipwe chakula na nauli, na kiasi kitangazwe. Anayekuja kutoa maoni dakika arobaini asilipwe. Mkianza kuwalipa wasikilizaji, fedha zikiisha na wasikilizaji wataisha.

Kazi ya kwanza ya makundi iwe kupima, siyo kutoa maoni. Hapa ndipo mpango unapopata uzito, na ndipo kijana wa miaka ishirini na bibi wa miaka sabini wanapokuwa na kazi moja. Mnapima alama za maji.

Mnahitaji mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mita 20, ule ambao mafundi ujenzi wanapimia levo, futi kamba, chaki na daftari. Watu wanne: wawili washike ncha, mmoja aandike, mmoja azungumze na wenye nyumba. Chagueni alama ya kudumu, kwa mfano ukingo wa zege wa daraja, na mpake rangi. Jazeni mpira maji mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja lililokwama kwenye mkunjo linaweza kuwadanganya sentimita kadhaa, na hamtalijua. Ncha moja kwenye alama, nyingine ukutani kwa nyumba inayofuata, subirini maji yatulie, pigeni chaki. Hapo sakafu zote na alama zote za mafuriko zinasomwa kwa kipimo kimoja. Mkifika mwisho wa mstari, rudini mpaka mlipoanzia kwa njia nyingine. Tofauti ikizidi sentimita tano, mahali fulani mmekosea na mstari urudiwe. Nyumba 12 hadi 15 kwa siku ni mwendo mzuri, na nyumba 60 zilizosambaa kando ya kijito zinatosha.

Alama yenyewe inataka jicho. Kwenye ukuta wa tofali za saruji mtaona mistari miwili. Wa juu, wenye chumvi nyeupe na rangi inayobanduka, mara nyingi ni unyevu uliopanda wenyewe ndani ya tofali baada ya maji kuondoka, na ukiupima huo utazidisha kina. Mnachotafuta ni mstari wa tope laini na vijiti vilivyokwama. Tazameni nyuma ya mlango, ndani ya kabati la ukutani, juu ya fremu ya dirisha la ndani. Kuta za nje zimechafuliwa na matone ya paa.

Halafu mwulizeni mtu mvua ipi. Watu hawakumbuki mwaka, wanakumbuka mambo: "ile ya Uhuru miaka hamsini" ni Desemba 2011, "nilipokuwa na mimba ya huyu" inapatikana kwenye kadi ya kliniki. Asiye na alama ukutani aonyeshe mwilini, kifundo, goti, kiuno au kifua, nanyi mpime hapo kwa futi. Mkipata majibu matatu ya majirani yanayopishana chini ya sentimita kumi, mnaweza kuyaamini.

Ramani ya kuandikia hayo ipo tayari. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria, kwa mikono ya wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe, ulichora mitaa mingi ya Dar es Salaam kwenye OpenStreetMap: nyumba, mitaro, vichochoro. Ni bure. Chapisheni karatasi kubwa kabisa ambayo duka la uchapaji linaweza kutoa, kwa kipimo cha 1:1,000, ili mita kumi iwe sentimita moja. Kaskazini haimsaidii mtu. Andikeni msikiti, kisima, gereji, mti wa mkungu, na mgeuze ramani ilingane na mtu anavyosimama akitazama kijito. Ibandikeni nje ya ofisi siku 14 na penseli imefungwa kwa uzi. Marekebisho ya kwanza yatakuwa matusi madogomadogo na majina ya utani ya vichochoro, na majina hayo yahifadhini, ndiyo yatakayotumika usiku wa maji.

Mkishaona namba, mazungumzo hubadilika yenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba likipigwa na milimita 40 linamwaga lita 2,000. Nyumba 600 zikimwaga pamoja ni lita milioni 1.2, yaani maboza 120 ya lita elfu kumi, kabla hujahesabu ua na barabara. Wekeni hesabu hiyo ubaoni. Anayeishi juu, anayesema mafuriko ni ya watu wa bondeni, aoneshwe paa lake.

Hapo ndipo pa kuzungumza kifusi, ugomvi mkubwa wa mabondeni usioandikwa kwenye mpango wowote. Mtu akiinua kiwanja chake nusu mita, maji yake yanahamia kwa jirani, na viroba vya mchanga mlangoni hufanya vilevile. Kwa kuwa sakafu zote mmezipima kwa levo moja, kundi la mtaro linaweza kukubaliana: hakuna kujaza ndani ya mita kadhaa kutoka mtaroni, na anayeinua sakafu aache njia ya maji upande wake. Makubaliano ya kaya 35 zinazofahamiana yana meno kuliko sheria ndogo ambayo hakuna aliyeisoma.

Kwenye kuchagua kazi za kufanya, pelekeni chaguo tatu tu, kila moja na gharama ya kuanza na ya kuitunza kila mwaka, na watu wapige kura kwa maharage kwenye makopo. Kura ya mikono humfuata mwenye sauti kubwa, na mpangaji hanyanyui mkono mbele ya baba mwenye nyumba.

Chaguo linaloshinda mara nyingi ni kuzibua mtaro, na ndilo linaloharibika mara nyingi. Chukua mtaro wa mita 200, upana sentimita 60, tope sentimita 30. Hizo ni mita za ujazo 36, na tope bichi lina uzito wa karibu tani 1.7 kwa kila mita ya ujazo, jumla kama tani 60. Lori la tani saba litakwenda safari tisa. Mtaa unaoita wananchi na majembe bila kuagiza lori unarundika tope ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha ndani, na Jumamosi inayofuata haji mtu. Lori kwanza, tangazo baadaye. Na anzieni chini, kwenye mdomo wa mtaro, mkipanda juu. Mkianza juu mnalisukumia tope kundi la chini.

Mawasiliano ya tahadhari ni mada pana, nitagusa pale yanapokatika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa nyekundu, kwa mikoa. Mwananchi akisikia "baadhi ya maeneo ya mkoa wa Dar es Salaam" hajui kama ni kwake. Tafsiri yake ni nguzo yenye vipimo darajani. Sakafu ya chini kabisa ikianza kuingia maji pale nguzo inaposoma mita 2.10, mstari wa njano uwe 1.40 na mwekundu 1.80. Maji yakipanda sentimita moja kwa dakika, kutoka njano hadi sakafuni mna dakika 70, na kutoka nyekundu dakika 30 tu. Angalizo: uso wa mafuriko haulali bapa kama maji ya ndoo. Unashuka kuelekea chini, na kalavati likiziba unapanda upande wa juu wake. Nyumba za juu ya daraja zinaweza kuingia maji huku nguzo ikisoma kidogo. Ndiyo maana alama za nyumba na ya daraja zilinganishwe za mvua ileile, msitegemee levo peke yake.

Na maji yenu hayatoki kwenu tu. Mvua ikinyesha vilima vya Pugu na Kisarawe, Msimbazi inaweza kujaa huku kwenu nyota zinaonekana, na mto ukijaa kijito hukosa pa kumwaga. Pateni namba za wenyeviti wawili wa mitaa ya juu, nao wapewe zenu mbili. Simu moja ya saa mbili usiku ina thamani kuliko kipaza sauti kipya.

Ujumbe wenyewe useme saa, maji yako wapi, nani afanye nini, na taarifa ijayo ni lini. Huu hauzidi herufi 160:

"MTAA: Saa 3:10 usiku maji yamefika mstari wa njano darajani. Kundi 1-6 pandisheni vitu, wazee na watoto waende shuleni. Zimeni umeme. Taarifa ijayo saa 3:40."

Saa ndiyo inayowaokoa na picha za mafuriko ya mwaka juzi zinazozunguka WhatsApp usiku uleule. Watoa tangazo wawe wawili tu, wanaojulikana kwa sauti. Kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa ni vyombo vizuri, lakini kubalianeni na imamu na padri mlio ambao haufanani na adhana wala tangazo la msiba. Na tumeni pia ujumbe wa kumaliza. Mkiwatoa watu na maji yasifike, kesho yake waelezeni nguzo ilisoma ngapi na kwa nini mliamua vile, la sivyo mara ya tatu hawatoki.

Shule ya kukimbilia ipimwe kabla hamjaiandika kwenye mpango. Viwango vya kimataifa vya misaada vya Sphere vinataka mita 3.5 za mraba kwa mtu. Darasa la mita 9 kwa 7 linatosha watu 18, kwa hiyo watu 300 wanataka madarasa 17. Vinataka pia choo kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, na lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Mara nyingi hesabu hii ndiyo inayowalazimu kutafuta na ukumbi wa kanisa, madrasa, au ndugu wa juu kilimani walio tayari kupokea kaya mojamoja, na hilo la mwisho ni bora kuliko yote. Ufunguo wa shule saa nane usiku uko kwa nani? Andikeni watu wawili wanaolala ndani ya mtaa.

Mrejesho ndio unaoleta watu mara ya pili. Ubao nje ya ofisi, safu tano: hoja, kundi lililoitoa, uamuzi, sababu, anayefuatilia na tarehe. Hoja iliyokataliwa ikae palepale na sababu yake. Mtu aliyekataliwa kwa sababu inayoeleweka hurudi. Aliyepuuzwa ndiye asiyerudi. Na angalieni kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vya mitaa hupanda kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla. Mpango unaokamilika Aprili, maji yakiwa mlangoni, umeshaikosa bajeti ya mwaka huo. Kupima kufanyike baada ya masika, Juni na Julai, alama zikiwa bado mbichi ukutani, maombi yenye vipimo yawe kwa mtendaji wa kata na diwani kabla ya vuli, na mitaro izibuliwe Februari.

Februari hiyohiyo fanyeni jaribio: saa mbili usiku, bila kutangaza siku, tumeni ujumbe na pigeni mlio. Wale wawili wa kila kundi wapite nyumba kwa nyumba na kuandika nani hakusikia ndani ya dakika ishirini. Orodha hiyo, yenye kiziwi wa chumba cha uani, mpangaji aliyehamia juzi na mama asiye na simu, iambatisheni kuwa ukurasa wa kwanza wa mpango.